Watu wa Huko Wako Wapi?

Bomba lilikuwa nyuma ya lango la makaburi, upande wa kushoto, na juu yake yalitundikwa makopo mawili ya plastiki ya kijani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyachukua ili kunywesha maua ya wafu wake. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Septemba, saa tisa alasiri, kwenye uwanda wa juu wa Millevaches, katikati ya Ufaransa, na chupa zangu zote mbili zilikuwa tupu tangu saa saba. Anayeendesha baiskeli mashambani mwa nchi hii hujifunza mapema kwamba duka laweza kuwa limefungwa, na mgahawa waweza kuwa ulifungwa miaka kumi iliyopita, lakini makaburi ni nadra kukosa maji. Nikafungua bomba. Likakohoa, likatema hewa, kisha maji yakaja, ya baridi ile ya Mufindi mwezi wa saba.

Bomba lile lilikuwa dhaifu na chupa ilichelewa kujaa, kwa hiyo nikawa nasoma majina. Koo nne au tano zilijirudia safu kwa safu, babu juu ya mjukuu, wote wakiwa wamechongwa kwenye graniti ileile ya kijivu. Nilipotoka nikahesabu nyumba zinazolizunguka kanisa. Zilikuwa ishirini na mbili, na kumi na tatu kati yake zilikuwa zimefungwa madirisha kwa mbao.

Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Mita mia tatu mbele, mahali ambapo lami inakwisha na njia nyeupe inaingia kwenye kivuli cha miti, nikasimama kupiga picha. Nikaituma kwenye kundi letu la familia, na chini yake nikaandika: "Kilomita 60, magari 3. Amani tupu."

Mama alijibu jioni, kwa sauti, kama kawaida yake. Ujumbe ulikuwa wa sekunde chache tu. "Pazuri sana, mwanangu. Lakini watu wa huko wako wapi?"

Nilicheka, nikamwambia wako mashambani. Halikuwa jibu la kweli, kwa kuwa siku nzima sikuwa nimemwona mtu shambani, na pengine ndiyo sababu swali lile lilipanda treni pamoja nami hadi Limoges, mji ninakoishi, likaingia ndani, likakaa wiki sita.

Raha yenyewe

Kabla sijaanza kuitilia shaka raha hii, ni haki niieleze.

Baiskeli ya changarawe inafanana na baiskeli ya mashindano kwa usukani wake uliopinda kama pembe za kondoo, ila tairi zake ni pana. Zangu zina upana wa milimita 45, nazo nazijaza upepo kidogo kuliko fundi yeyote wa Mafinga angekubali, hivi kwamba ukilibonyeza tairi kwa dole gumba linaitikia kidogo. Upungufu huo wa upepo ndio siri ya starehe yote, kwa sababu tairi humeza vijiwe badala ya kugombana navyo, na mwili hauchoki mapema.

Treni ya asubuhi kutoka Limoges hunishusha Eymoutiers, kwenye mita kama 400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ni kupanda, polepole, hadi kijiji cha Gentioux, ambako ni mita kama 800. Kati ya vituo hivyo viwili kuna ziwa la Vassivière, lenye eneo la hekta 1,000 hivi, ambalo si ziwa la asili bali maji ya bwawa la umeme lililojengwa mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukishalipita ziwa, ramani hubadilika. Barabara za rangi ya njano hupungua, na badala yake hutokea mistari myembamba, mingine imara na mingine ya vidotodoto, ikipenya misitu na malisho na kuungana kwenye vitongoji ambavyo majina yao ni marefu kuliko vitongoji vyenyewe.

Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara za umma, na sehemu kubwa ya hizo ni vijibarabara vya vijiji ambavyo dereva akipita hupita kwa sababu anakwenda kwake. Nje ya hizo ndipo penye njia ninazozipenda. Tangu sheria ya Januari 1991, vyombo vya moto haviruhusiwi kuranda maeneo ya asili nje ya njia zilizo wazi kwa magari, kwa hiyo mwenye pikipiki anayetaka kuruka vilima huko anavunja sheria, ilhali mimi na baiskeli yangu tunapita.

Na unaposhuka kutoka kwenye lami, kinachobadilika kwanza ni sauti. Graniti ya uwanda huu huoza ikawa mchanga wa chengachenga, wenye rangi ya unga wa dona, na tairi likipita juu yake hutoa mlio kama wa mtu anayetafuna karanga mbichi mdomo ukiwa umefumbwa. Kwenye kivuli mchanga huo hushikana, mlio hufifia. Kwenye mteremko wenye jua hulegea na gurudumu la nyuma hutaka kwenda mahali pengine. Baada ya saa moja unakuwa unaisoma njia kwa masikio. Hakuna honi, hakuna lori nyuma ya bega, hakuna ile hofu ya shingo ambayo kila mwendesha baiskeli wa barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya anaijua.

Ndiyo maana niliandika "amani". Sikuwa nadanganya.

Njia ya mama

Mama ni mtu wa Mufindi, na kwake njia ni mahali pa watu. Kutoka nyumbani kwetu hadi sokoni alikuwa hawezi kwenda bila kusimama mara kumi: shikamoo ya huyu, habari za mgonjwa wa yule, mahindi yameotaje, mtoto amefaulu? Njia iliyokosa watu kwake ni njia yenye jambo. Ama kuna msiba upande wa pili na wote wamekwenda, ama kuna hatari ambayo wewe peke yako hujaambiwa.

Kwa hiyo alipoitazama picha yangu alifanya anachofanya siku zote, yaani alimtafuta mtu wa kumsalimia, akamkosa.

Mimi nilikuwa nimeitazama njia ileile kwa wiki, kwa miezi, tangu nilipohamia Limoges miaka 6 iliyopita, na sikuwahi kumtafuta mtu yeyote. Nilikuwa nimeshajifunza kuhesabu kukosekana kwake kama sifa. Katika lugha ya wapenda baiskeli wa huku, njia nzuri ni ile ambayo hukukutana na mtu, na siku nzuri ni ile ambayo unaweza kuisimulia kwa idadi ndogo ya magari. Nilianza kujiuliza ni lini hasa nilijifunza kuhesabu hivyo, na ni nani aliyetoa hayo magari na hao watu ambao mimi navuna utupu wao.

Walioondoka kwa miguu

Jibu la kwanza halikuwa gumu kulipata, kwani huku kila mtu analijua.

Creuse, wilaya ambayo Gentioux imo ndani yake, ilikuwa na watu wapatao 287,000 katika sensa ya 1851. Leo hawafiki 120,000. Na hata katika miaka ile ya wingi, nusu ya habari ya Creuse ilikuwa kuondoka. Udongo ni haba, majira ya baridi ni marefu, na wanaume walikuwa na ufundi mmoja uliowauza kila mahali: uashi. Kila Machi waliondoka kwa makundi, wakubwa wakiwatangulia vijana, wakaenda kujenga Paris na Lyon, na wakarudi mwanzoni mwa baridi na fedha walizoshonea kwenye nguo. Wanawake, wazee na watoto ndio waliobaki na mashamba na kondoo. Paris ile ya Haussmann, afisa aliyesimamia kujengwa upya kwa mji huo katika karne ya kumi na tisa, yenye barabara pana na nyumba za mawe meupe ambazo watalii huzipiga picha, imejengwa kwa mikono mingi ya watu wa huku.

Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Martin Nadaud, aliyezaliwa 1815 katika kitongoji cha La Martinèche, kijiji cha Soubrebost, kaskazini kidogo ya njia zangu. Mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 14, aliondoka na baba yake, wakatembea kwa miguu hadi Orléans, na kutoka hapo wakapanda gari la farasi kwenda Paris. Alikuja kuwa mbunge 1849, akafukuzwa nchini baada ya mapinduzi ya 1851, akaishi Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi. Lakini mimi kilichonishika hakikuwa ubunge wake. Kilikuwa ile safari ya kwanza: mtoto wa miaka 14, viatu vipya vinavyomchubua, akikanyaga njia za changarawe kuelekea kaskazini kwa kuwa nyumbani hapalishi.

Katika njia zile zile mimi hupita na viatu vyenye vyuma vya kujibana kwenye pedeli.

Jambo jingine lilinishtua zaidi, nami nakiri kwamba nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Tangu 1803 mfanyakazi wa Ufaransa alitakiwa kubeba kijitabu ambacho mwajiri alikijaza na kukitia saini, na asiyekuwa nacho njiani aliweza kuchukuliwa kama mzururaji. Kilifutwa 1890. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa hicho ni kitu gani. Ni kipande. Babu mzaa mama aliondoka Uhehe kwenda mkonge wa Tanga, akawa manamba, akafanya kazi kwa kadi ya siku thelathini iliyopigwa alama siku kwa siku, na sehemu ya safari ile ya kwanza, kwa jinsi mama anavyosimulia, aliitembea. Yeye alirudi. Wengi aliokwenda nao hawakurudi, na mpaka leo ukifika vijiji vya mkonge unakuta majina ya nyanda za juu.

Sisemi mambo haya mawili ni mamoja. Mwashi wa Creuse hakuwa mtawaliwa katika nchi ya mtu mwingine, na kijiji cha babu hakikubaki kitupu. Kina watu wengi kuliko wakati wowote. Ila tangu nilipolijua jina la kile kijitabu, njia ile nyeupe haikuweza tena kuwa mandhari tu.

Mtoto wa Gentioux

Katikati ya Gentioux kuna mnara wa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ambao nilikuwa nimeupita mara tatu bila kusimama, kwa sababu minara ya namna hiyo ipo karibu kila kijiji cha Ufaransa, ikiwa na askari wa shaba na orodha ya majina. Huu hauna askari. Una mtoto. Amevaa joho la shule na viatu vya mbao, kofia ameivua ameishika mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha, ngumi imefumbwa, kuyaelekea maneno yaliyochongwa chini ya majina: *Maudite soit la guerre*. Vita na ilaaniwe. Ulisimamishwa 1922, na maneno hayo yaliwaudhi wakubwa wa serikali wa wakati ule.

Safari ya nne nilisimama. Niliegemeza baiskeli, nikayasoma majina yote kwa sauti ndogo. Ni mengi kiasi cha kutisha kwa kijiji cha ukubwa ule, na tena koo zilijirudia, ndugu na ndugu, binamu na binamu.

Waliokwenda kujenga, wengi walirudi, kisha kidogo kidogo wakaanza kuhamisha na familia. Waliokwenda 1914 ndio hawa.

Kilomita chache kutoka hapo, kwenye nyika yenye majani ya rangi ya kutu, lipo daraja la Senoueix. Ni tao moja la mawe juu ya mto Taurion, jembamba, lisilo na kingo, na ajabu yake ni kwamba halina barabara. Halifiki popote wala halitoki popote. Upande huu majani, upande ule majani. Nilibeba baiskeli begani nikalivuka, halafu nikasimama ng'ambo nikiwa sina pa kwenda, nikalivuka tena kurudi. Ninaamini ndipo hapo nilipoacha kumcheka mama.

Lori la magogo

Kisha nikapata pancha, na pancha ile ilinifundisha jambo ambalo majina yote yale hayakunifundisha.

Nilikuwa nateremka njia pana ya msituni kusini ya Gentioux, nikijisifu kwa mwendo, nikasikia mlio mfupi kama wa karatasi kuchanwa, na tairi la nyuma likalala. Tairi hizi hazina tyubu. Ndani yake huwa na maji mazito meupe ambayo huziba tundu la mwiba papo hapo. Safari hii yalifoka kama maziwa, yakachora mstari mgongoni mwangu, na hayakuziba chochote. Nikageuza baiskeli chali, nikakuta mpasuko wa urefu wa ukucha. Jiwe lililofanya kazi hiyo lilikuwa pale pale: graniti iliyopasuliwa kwa mashine, yenye kona kali kama kipande cha chupa.

Huo haukuwa mchanga wa asili niliousifu juu. Ilikuwa kokoto iliyoletwa na kushindiliwa, na njia ile haikujengwa kwa ajili yangu wala kwa ajili ya waashi. Ilijengwa ili lori la magogo lipite.

Mwanzoni mwa karne iliyopita uwanda huu ulikuwa nyika wazi, kondoo na vichaka vyenye maua ya zambarau, upepo mtupu. Watu walipopungua, kondoo nao walikosa wachungaji, na nyika ikakosa wa kuilisha. Baada ya 1946 serikali ilikuwa na mfuko maalumu wa kusaidia upandaji miti nchi nzima, na mrithi aliyekuwa Paris na shamba la babu Creuse aliona ni jambo la busara kulipanda miti na kuliacha lijikuzie. Leo zaidi ya nusu ya uwanda ni msitu, na sehemu kubwa ya msitu huo ni miti ya Douglas, ya jamii ya misonobari, iliyopangwa mistari kama askari wa gwaride. Inapofika umri wa kuvunwa hukatwa yote kwa mara moja, kilima kizima, na mabishano juu ya ukataji huo ni makali huku kiasi kwamba hata mgeni huambiwa kabla hajauliza.

Nikaketi juu ya gogo nikisubiri gundi ikauke, nikatazama mistari ile ya miti, nikacheka peke yangu. Nimekulia kando ya msitu wa Sao Hill. Nimetumwa kuokota kuni chini ya mipaini iliyopangwa hivi hivi, nimekula vumbi la malori haya haya. Nimesafiri mabara mawili nikaja kulipa nauli ya treni ili niendeshe baiskeli nyumbani.

Shaka iliyofuata haikuwa ya kuchekesha. Utulivu wa njia ile ulikuwa wa Jumamosi tu. Jumatatu mashine zinarudi.

"Na mimi?"

Kiraka kilishindwa. Nilikuwa nasukuma baiskeli kuelekea Faux-la-Montagne wakati gari dogo la mizigo lilipopunguza mwendo nyuma yangu. Mtu mweusi anayesukuma baiskeli kwenye njia ya msitu katika Creuse hatazamwi kama mtu mwingine, hilo nilishalizoea, na nilianza kuandaa tabasamu langu la kujieleza. Dereva alikuwa mama wa miaka kama sabini. Hakuuliza ninatoka wapi. Aliuliza kama nimekula.

Jikoni kwake palikuwa na jiko la kuni, mbwa mzee, na ndoo ya maharagwe mabichi yanayosubiri kumenywa. Nikakaa nikamenya, kwa kuwa mikono haiwezi kukaa bure mbele ya ndoo ya maharagwe, awe nani mwenye ndoo. Akaniuliza kwa nini nimechagua kuja huku wakati kuna ufukwe na kuna milima ya Alpes. Nikamjibu kwa ufasaha wangu wote wa Kifaransa kwamba napapenda kwa sababu hakuna mtu.

Akaweka kisu mezani. "Na mimi?"

Sikuwa na la kusema.

Hakukasirika, au kama alikasirika alilificha vizuri. Alinieleza kwamba amekuwa akisikia wimbo huo tangu akiwa msichana: Creuse ni tupu, Creuse imekufa, na wanaouimba ni wale wanaokuja kupumzika. Yeye hajaona pamekufa. Ameona kazi. Alinitajia kiwanda cha mbao cha hapo Faux, Ambiance Bois, kilichoanzishwa 1988 na vijana waliotoka kwingine wakiwa na wazo kwamba wafanyakazi wenyewe waamue mambo ya kiwanda, na bado kipo. Alinitajia watu waliokuja, waliobaki, waliozaa. Kijiji kina watu mia nne hivi, alisema, na akakunja vidole vyake akihesabu mikutano anayotakiwa kuhudhuria wiki ile. Vilimwishia.

Nilijisikia nimeshikwa pande mbili. Wiki nzima nilikuwa nimejilaumu kwa kufurahia utupu nisioujua chanzo chake, nikaanza kuwahurumia watu wa huku kwa kuondokewa, na sasa mmoja wao alikuwa ananiambia kwamba huruma yangu nayo ilimfuta, kama ilivyomfuta picha yangu. Msomaji atanisamehe nikisema sijui ni kosa lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kubwa zaidi. Najua la pili liliniuma zaidi, kwa sababu nililifanya nikidhani ninatenda wema.

Nyasi katikati

Yule mama ndiye aliyenipa jambo ambalo limebadilisha namna ninavyoendesha. Aliponisindikiza alinionyesha, ng'ambo ya ukuta wake, njia iliyozama kati ya kingo mbili za mawe, imejaa miiba hadi kifuani. Utotoni mwake, alisema, ndiyo ilikuwa njia ya shule.

Njia za namna hiyo ni mali ya kijiji, lakini si kama barabara ilivyo mali ya kijiji. Jirani aliyeizingira kwa uzio na kuilima miaka thelathini bila mtu kulalamika anaweza kudai kuwa ni yake. Sheria ya Februari 2022 imevipa vijiji nafasi ya kuorodhesha njia zao na kusimamisha muda huo usiendelee kuhesabiwa, ila orodha inataka mtu wa kuiandika, na mtu huyo anahitaji kujua njia ilipita wapi. Mwaka uliofuata ikaja sheria nyingine: anayeingia msitu au shamba la mtu binafsi mahali ambapo kumewekwa alama wazi ya katazo anaweza kutozwa faini, na kwa kawaida ni euro 135. Kwa hiyo kwenye ramani mistari miwili inayofanana inaweza kuwa haki yako na kosa lako, na tofauti ni kibao kilichopigiliwa kwenye mti.

Katika kanuni zao kuna kifungu nilichokisoma polepole. Njia ya kijiji huhesabiwa kuwa ya umma kwa ishara kadhaa, na mojawapo ni kwamba watu wanaipita.

Kumbe kupita ni ushahidi.

Tangu siku hiyo huchagua mstari wa vidotodoto hata pale ambapo njia ya malori ni nyororo zaidi. Nashuka mara nyingi. Nafungua vilango vya waya, vile vinavyozuiwa kwa kigingi na kitanzi, ambavyo kuvifungua ni rahisi na kuvifunga ni mieleka, na ng'ombe wekundu wa Limousin hunitazama nikipigana. Mwendo wangu umeshuka hadi wa aibu. Nanunua mkate kijijini badala ya kuubeba kutoka Limoges, na nikimwona mtu bustanini nasimama, hata kama sina shida yoyote. Wengi hudhani nimepotea.

Tarehe 1 Novemba

Nilirudi kwenye lile bomba siku ya Watakatifu Wote. Sikuwa nimepanga tarehe kwa werevu wowote. Ilikuwa sikukuu, sikwendi kazini, mvua ilikuwa imekatika. Nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa kwa ajili ya wawindaji, ambao kwa majira hayo huwa msituni na bunduki, nikapanda kutoka Eymoutiers na ukungu.

Kilomita mbili kabla ya kijiji nilipitwa na gari. Halafu la pili. Halafu matatu yakifuatana, na ilinibidi niteremke kwenye nyasi.

Sikuelewa hadi nilipofika. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa magari, mengine yameegeshwa mtaroni, na kwenye ukingo wa vibao vyao zilisomeka namba 75, 92, 69, yaani Paris, viunga vyake, na Lyon. Mbao za madirisha zilikuwa wazi. Moshi ulitoka kwenye mabomba ambayo Septemba yalikuwa baridi. Watoto waliovaa viatu visivyofaa kwa matope walikuwa wanakimbizana kati ya makaburi, na watu wazima walibeba vyungu vya krisanthemu, za njano, nyeupe, za rangi ya damu ya mzee, wakibusiana mashavuni na kuulizana habari za wagonjwa.

Nikatoa simu nimpigie mama picha, nikairudisha mfukoni. Zilikuwa picha za watu na wafu wao.

Kwenye bomba palikuwa na foleni, nami nikawa wa tano. Nilimsalimia aliyekuwa mbele yangu, akanisalimia, akaitazama baiskeli, akauliza tairi zile zinahimili vipi mawe ya huku. Ilipofika zamu yangu, mzee aliyeshika kopo la kijani nyuma yangu alisema nijaze chupa zote mbili na nisiwe na haraka, kwa sababu wiki ijayo bomba linafungwa, baridi isije ikapasua mabomba, na halitafunguliwa tena mpaka Machi.